Kabla ya Kung'oa Nanga: Hotuba kwa Wanafunzi wa Safari ya Masomo Ziwa Victoria

(Hotuba hii niliitoa jijini Mwanza mbele ya wanafunzi wa vyuo mbalimbali wanaojiandaa kwa safari ya masomo ziwani, wakiwapo wazazi wao na baadhi ya mabaharia wastaafu. Wengi waliokosa kufika wameiomba. Naiweka yote kama ilivyosemwa.)

Mwadila!

Walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto, na ninyi mabaharia wazee mlioketi kule nyuma, shikamooni. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea tangu getini. Marahaba.

Mratibu amekwisha kuwaeleza njia yetu: Mwanza, Kemondo, Bukoba, kisha kaskazini hadi Port Bell nchini Uganda, na kurudi. Amewaeleza hati za kuvukia mpaka na chanjo ya homa ya manjano. Sitarudia. Mimi nimekuja na jambo moja, na nalisema mapema ili hata atakayetoka kabla sijamaliza aondoke nalo. Meli ya masomo husimama juu ya mila zake. Mihadhara mnaweza kuipata hapahapa Nyegezi, kwenye viti visivyotikisika. Lakini watu wasiojuana kula pamoja, kuumwa pamoja, kukesha kwa zamu na kulindana wakiwa na maji pande zote, hilo haliletwi na ratiba wala na mtihani. Linaletwa na mila. Na mila hizo, ndugu zangu, zinatungwa na kushikwa na ninyi wenyewe.

Msidhani safari za namna hii ni ngeni duniani. Septemba 1926 meli iitwayo Ryndam iliondoka Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, ikiwa na wanafunzi wapatao 500. Ilizunguka dunia ikarudi Mei 1927. Aliyeisukuma ndoto hiyo alikuwa James Lough, profesa wa Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1963 ukaanza mpango mwingine ambao leo unaitwa Semester at Sea, nao ungali hai. Tajiri mmoja wa meli wa Hong Kong, C. Y. Tung, aliupenda mno mpango huo. Mwaka 1970 alinunua Queen Elizabeth, mojawapo ya meli kubwa kabisa za abiria, ili aigeuze kuwa chuo kinachoelea. Januari 1972, ukarabati ukiwa unakaribia kwisha, meli ikashika moto palepale bandarini Hong Kong, ikalala ubavu. Je, ndoto iliishia hapo? Haikuishia. Alikuwa na meli nyingine ndogo zaidi, Universe Campus, na wanafunzi wakaendelea kusafiri humo mwaka baada ya mwaka. Baadaye hata Askofu Mkuu Desmond Tutu alisafiri na wanafunzi wa mpango huo akiwa mhadhiri.

Waliosoma katika meli hizo, ukiwauliza wanakumbuka nini, hawaanzi na mihadhara. Wanakumbuka siku ya mashindano, wanafunzi wakiwa wamegawanywa kwa makundi yenye majina ya bahari, wakivutana kamba sitahani. Wanakumbuka sheria ya gati: aliyechelewa kurudi melini huzuiliwa ndani kwa saa kadhaa bandari inayofuata, akiwatazama wenzake wanashuka. Na wote, wote kabisa, wanakumbuka siku ya kuvuka Ikweta. Nitafika huko.

Kwanza nianze na mila iliyo nzito kuliko zote. Kuitwa majina.

Kabla honi haijalia, kila mmoja wenu atasimama kwenye kituo chake sitahani, amevaa jaketi okozi na kamba zake zimefungwa. Jina lake litaitwa kwa sauti. Utajibu, "Nipo." Jirani yako hakujibu? Hatuondoki. Atatafutwa chooni, atatafutwa kabini, atatafutwa hadi kwenye mabanda ya mama ntilie nje ya geti. Hatuondoki.

Kwa nini nakazia? Vijana, hakuna kati yenu aliyekuwa amezaliwa tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi hiyo MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba kupitia Kemondo, njia ileile tutakayopita sisi, ikiwa imejaa kupita kiasi. Ikapinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia ya watu walipotea. Waliokuwa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Waliokuwa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hebu fikirini maana yake. Mama amesimama bandarini, anauliza kama mwanawe alikuwamo, na hakuna karatasi hata moja inayoweza kumjibu ndiyo au hapana. Mwanawe alilipa nauli, alipanda, akakata roho majini, na hakuna mahali alipoandikwa kwamba alisafiri.

Halafu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kikapinduka kikiwa karibu kabisa na gati. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Duniani sheria ipo. Mkataba wa usalama wa maisha baharini ulitungwa mara ya kwanza mwaka 1914, baada ya Titanic. Na baada ya ajali ya Costa Concordia ya 2012 ukakazwa, kwamba zoezi la abiria wapya lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka, lisisubiri kesho. Sheria ni nzuri. Lakini nawaambia kwa uzoefu wangu, sheria huchosha kuitii pale usipoipenda. Nimeona abiria wanasimama kwenye zoezi la namna hii huku wanaangalia simu. Mila ina nguvu zaidi kwa sababu mtu huona aibu kuivunja mbele ya wenzake. Ndiyo maana nataka kuitwa majina kuwe mila yenu. Kufanyike kila jioni, hata meli ikiwa imefungwa gatini, na kuendeshwe na mwanafunzi, kila siku mwingine. Baada ya siku chache utagundua unayajua majina ya watu wote. Utajua sauti ya kila mmoja anaposema "Nipo." Na siku sauti ya mmoja ikiwa na unyonge, utajua kuna tatizo kabla hajakuambia.

Tunaelewana?

Nije kwenye zamu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Melini hatusubiri siku ya tatu. Mabaharia hugawa siku kwa zamu za saa nne nne, na kengele hugongwa kila nusu saa. Nusu saa ya kwanza mara moja, ya pili mara mbili, mpaka zinafika nane na zamu imekwisha. Utaratibu huo ulianza enzi za saa ya mchanga, iliyopinduliwa kila nusu saa na kijana wa zamu. Leo kila mtu ana saa mkononi. Je, kengele haina kazi tena? Ina kazi kubwa! Usiku wa manane, umelala, ukisikia kengele imegongwa mara tano, unajua kuna mwenzako yuko macho kwa ajili yako. Nimelala kwenye meli zenye mila hiyo na zisizo nayo, na usingizi wake haufanani.

Kwa hiyo mtagawana zamu. Wengine jikoni, wengine usafi wa sitaha, wengine juu na afisa wa zamu, kuangalia mitumbwi. Usiku usio na mbalamwezi mtaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kila upande. Kila taa ni watu. Kijana aliyewahi kukaa zamu ya usiku akihesabu taa zile ili meli isiwapitie juu, hatamdharau mvuvi wa Kirumba maisha yake yote.

Kuna binti mmoja wa Dodoma niliyesafiri naye katika safari kama hii. Alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Usiku wa kwanza upepo ukavuma, kama unavyovuma hapa usiku, maana upepo wa nchi kavu hutoka pande zote ukakutana katikati ya ziwa na kuzaa radi. Binti akatapika hadi akalia. Akasema anataka kushuka. Atashuka wapi? Wenzake walimpa pole, wakamfunika shuka, wakamwacha kabini, na kabini ndipo mahali pabaya kuliko pote kwa mtu wa hali hiyo. Mpishi ndiye aliyemtoa. Alimketisha mlangoni penye hewa, akamwambia macho ayatupe mbali pale maji yanapokutana na mbingu, na akamwekea mapajani sufuria la njegere za kuambua. Asubuhi alikuwa bado amepauka, lakini njegere zilikuwa zimekwisha na alikuwa anawauliza wengine wamelalaje. Mpaka tunarudi, yeye ndiye aliyekuwa akipita kabini kwa kabini akiwatoa waliolala kifudifudi. Pole ni nzuri, ndugu zangu, lakini pole bila kazi humwacha mtu mpweke.

Sasa tufike kwenye Ikweta, maana naona vijana mmeanza kukaa sawasawa.

Watu wengi wanafikiri kuvuka Ikweta kwa meli ni mambo ya Atlantiki na Pasifiki. Hapana! Ziwa letu, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, kubwa kuliko yote Afrika, limekatwa na Ikweta. Mwanza tuko karibu nyuzi mbili na nusu kusini. Bukoba ni nyuzi moja na kitu kusini. Port Bell iko kaskazini. Ukitoka Bukoba kwenda Port Bell lazima uvuke mstari, kilomita thelathini na kitu tu kabla ya kufika. Mababa zetu walisafiri njia hiyo kwa miaka mingi. MV Umoja imevuka mstari huo na mabehewa yake ya mizigo mara zisizohesabika. Nani amewahi kusimama sitahani akasema, hapa ndipo dunia inapogawanyika sawasawa?

Huko baharini mila hii ni ya karne nyingi, na haikuwa ya upole. Asiyewahi kuvuka huitwa kiluwiluwi. Februari 1832 meli ya utafiti Beagle, chini ya nahodha Robert FitzRoy, ilivuka Ikweta ikiwa na kijana wa miaka 23, Charles Darwin, msomi aliyekuwa akiumwa mawimbi vibaya tangu siku za mwanzo. Yeye na wenzake zaidi ya thelathini wasiowahi kuvuka walifungiwa chini, gizani, kwenye joto. Wakatolewa mmoja mmoja, wamefungwa macho, ndoo za maji zikiwamwagikia. Darwin alipakwa lami na rangi usoni, akakwanguliwa kwa kipande cha chuma kana kwamba ananyolewa, kisha akapinduliwa kichwa chini ndani ya tanga lililojazwa maji. Na yeye aliandika kwamba alipata nafuu, wengine walifanyiwa mabaya zaidi. Lakini sikilizeni alichokiandika pia: maji yalirushwa kila upande mpaka hakuna mtu, hata nahodha, aliyebaki mkavu.

Hata nahodha! Hapo ndipo ilipo siri ya mila hii. Kwa saa chache meli nzima inakuwa na watu wa cheo kimoja. Meli iliyokuwa na nidhamu ya viboko iliruhusu baharia wa mwisho ammwagie maji bwana mkubwa. FitzRoy mwenyewe aliitetea, akisema asiyeishuhudia hawezi kujua inavyowachangamsha mabaharia, wanaoizungumza muda mrefu baadaye.

Je, sisi tuige lami na chuma? Nasema hapana, na nasema kwa nguvu. Kudhalilishana si mila, hata kama kuna umri wa miaka mia tatu. Sisi watu wa nchi hii tuna utani, na utani una adabu yake. Una ruhusa, una mpaka, na anayetaniwa naye ana zamu yake ya kutania. Anayefungwa macho na kutiwa lami mdomoni hana zamu yake. Binti anayelazimishwa kunyoa nywele asizotaka kunyoa hana zamu yake. Maji ya kumwagiana, sawa, kwa anayetaka, na mimi mtanianza.

Bali nina pendekezo, na nimelifikiria muda mrefu. Wahaya wa Bukoba na Baganda wa ng'ambo wanayo mila ya kumkirimu mgeni kwa kahawa ya kutafuna, ile buni ya robusta inayochemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa. Tena zamani, watu wawili walipotaka kuwa ndugu, kwa kile kiapo kinachoitwa omukago, walipasua tunda moja la kahawa. Ndani ya tunda moja mna punje mbili. Kila mmoja akala punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Tazameni sasa mahali penyewe. Wahaya wako kusini ya Ikweta, Baganda wengi wako kaskazini, na njia yetu inakata katikati yao. Kuna mahali gani duniani panapostahili mila hiyo kuliko sitaha yetu saa ile?

Basi tukifika kwenye latitudo sifuri, kengele itagongwa mara nane. Kila mmoja atapewa mwenza kwa kura, na mwenza huyo awe mtu wa chuo kingine, wa jinsia yoyote, wa dini yoyote. Sihitaji damu, kiapo sikitaki. Tunda moja, punje mbili, mnapeana, mnatafuna. Mpaka mwisho wa safari huyo ndiye utakayemtafuta wa kwanza majina yakiitwa.

Mtaniuliza kuhusu yule mfalme wa bahari wa Wazungu, Neptune, anayepanda melini na mkuki wake na ndevu za kamba. Hatumhitaji. Ziwa hili lina wenyewe. Wahaya humwita Mugasha, Baganda humwita Mukasa, na visiwa vya Ssese tutakavyovipita ndiko kwenye makao yake. Lakini sitaki mtu amvae kwa kujipaka masizi na kucheza. Wapo wanaomheshimu hadi leo, na sisi tutakuwa wageni kwenye maji yao. Mtu wa Bukoba atusimulie habari zake tukiwa tumekaa. Inatosha.

Nimebakiwa na jambo moja: kitabu cha safari.

Mwaka 1865 padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, akiwa juu ya meli ya Papa, alishusha majini kisahani kilichofungwa kamba, akapima ni kwenye kina gani kisahani hakionekani tena, ili ajue maji yana uangavu kiasi gani. Kisahani cha namna hiyo, chenye robo nyeusi na nyeupe, mtakishusha ninyi kila siku adhuhuri. Mtakiona ni kazi ndogo, ya kuchosha. Nawaomba mkiheshimu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuja hapa Mwanza kuchunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili. Walirudi mara kwa mara sehemu zilezile za Ghuba ya Mwanza, wakavuta nyavu, wakahesabu, wakaandika. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, alikuwa amepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960. Alipofurika katika miaka ya 1980, furu wa ghuba hii walianguka, aina nyingi zikatoweka kabisa nyavuni. Ni nani angeweza kusema kwa uhakika tumepoteza nini, kama hakuna aliyekuwa amehesabu kabla? Wavuvi wetu waliona, ndiyo, na walisema. Lakini daftari lililoandikwa mahali palepale, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka, ndilo lililoonyesha dunia ukubwa wa hasara. Na kurudi mahali palepale kwa njia ileile, wakati hakuna anayekupigia makofi, ni mila kama zilivyo nyingine.

Kwa hiyo kitabu kitakuwa kimoja, cha karatasi, chenye jalada gumu. Vipimo vya maji vitaandikwa humo, na hali ya hewa, na aina za samaki. Lakini pia nani aliumwa, nani alipika, nani alivuka na nani, wimbo gani uliimbwa Kemondo wakati mikungu ya ndizi inapakiwa. Msikitie mapambo. Mkikosa samaki, andikeni. Mgombane, andikeni, kisha andikeni mlivyopatana. Kitakaa maktaba, na wanafunzi wa safari ijayo watapima palepale mlipopima.

Sasa kazi ya leo. Makundi yetu yatachukua majina ya visiwa: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Rubondo, Goziba, Ssese, Mfangano. Mtachaguliwa kwa kura, chuo kimoja kisijazane kundi moja. Kila kundi litoe mtu wa kengele na mtu wa kitabu kabla hamjatawanyika. Keshokutwa saa tatu asubuhi tunakwenda Igoma kwenye makaburi ya MV Bukoba, na atakayeita majina siku hiyo atoke miongoni mwenu. Wazazi mnakaribishwa.

Mwenye kopo la kura apite mbele. Tuanze na safu hii ya kushoto.